Kampuni Inapokuja Kusaidia Watoto wa Butihinda

Kampuni nyingi za ukanda wetu zimejiwekea siku ya kujitolea. Benki ya Ecobank, ambayo ipo pia Burundi, ina Ecobank Day tangu 2013: wafanyakazi wake katika nchi nyingi za Afrika hutoka ofisini wakaenda kuhudumia jamii. Kampuni za simu, za bima na za vinywaji zina mipango ya namna hiyo. Nia ni njema, na nguvu hiyo tunaihitaji. Lakini kazi ileile ya kujitolea inaweza kumwinua mtoto au kumwumiza, kutegemea inaelekezwa wapi.

Tuitazame tarafa ya Butihinda, kaskazini-mashariki mwa Burundi. Ilikuwa ndani ya mkoa wa Muyinga hadi mgawanyo mpya wa 2025 ulipoiweka katika mkoa wa Buhumuza. Mpaka wa Kobero uko humo, ukitazamana na Kabanga upande wa Ngara, Tanzania. Malori yanapita, dhahabu inachimbwa kwa majembe na mabeseni, na kwa miaka kadhaa sasa familia zilizokuwa kwenye kambi za wakimbizi za Nduta na Nyarugusu, Tanzania, zimekuwa zikirudi. Mtoto wa hapa anaweza kuacha shule akachekeche mchanga mgodini, au akavuka mpaka kwenda kulima mashamba ya watu kwa ujira wa chakula. Utapiamlo upo kote nchini: uchunguzi wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano Burundi wamedumaa.

Huyo ndiye mtoto aliye katika mazingira magumu, na kwa kawaida anaishi na mama yake, shangazi au bibi, juu ya kilima, katika nyumba ambayo gari la wageni halifiki. Wafadhili wengi wanampita, kwa kuwa kituo cha yatima kilicho kando ya barabara kuu ni rahisi zaidi kukifikia na kukipiga picha.

Ziara ya kituoni ina utaratibu wake. Watoto wanaogeshwa alfajiri, wanakosa vipindi vya asubuhi, wanapangwa kwa kimo na kuimba wimbo wa kuwakaribisha wageni. Fulana zenye nembo zinagawiwa, magunia ya mchele na katoni za sabuni zinashushwa mbele ya kamera. Kisha mtoto wa miaka mitatu anamkimbilia mgeni asiyemjua, anamkumbatia na kukataa kushuka mapajani. Mgeni anaguswa moyo, na nani asingeguswa? Ila kwa sisi tunaofanya kazi za ustawi wa jamii, hiyo ni dalili ya hatari. Mtoto mwenye mlezi wake wa kudumu humwonea haya mgeni kwanza. Anayemkumbatia yeyote mara nyingi ni yule ambaye walezi wake wamebadilika mno, na kila mgeni anayempakata saa mbili kisha akaondoka anaongeza pengo lilelile.

Jambo hili limepimwa. Utafiti mkubwa ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000 uliwafuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye taasisi, nusu yao wakahamishiwa kwa familia za kuwalea. Waliopelekwa kwenye familia, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia kuliko waliobaki.

Halafu kuna suala la fedha. Misaada ikifuata vituo, mzazi maskini anaona kwamba ili mwanawe apate daftari na sahani ya maharage, inabidi amkabidhi huko. Save the Children ilikadiria mwaka 2009 kwamba watoto wasiopungua wanne kati ya watano wanaoishi kwenye taasisi duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Ndiyo maana Rwanda mwaka 2012 ilipitisha mkakati wa kuwarudisha watoto kwenye familia, Kenya ikasimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likatahadharisha Desemba 2019 juu ya utalii na kujitolea katika vituo vya yatima.

Burundi haihitaji kuagiza somo hili kutoka nje. Ruyigi, ambayo leo iko mkoa mmoja na Butihinda, ndiko Marguerite Barankitse aliponusurika Oktoba 1993 katika mauaji ya watu 72 kwenye makao ya askofu, akaondoka na watoto 25. Maison Shalom aliyoianzisha ilipokea maelfu ya watoto. Alikuwa na kila sababu ya kujenga mabweni makubwa zaidi. Badala yake alichagua kuwarudisha watoto kwa jamaa zao, au kwenye nyumba ndogo zilizojengwa vilimani walikotoka, ndugu wakae na ndugu.

Kwa hiyo kampuni ifanye nini? Itoe kile inachokijua. Mfano mzuri ni GoTeach, ushirikiano wa DHL na SOS Children's Villages, shirika lenye kazi zake Gitega na Muyinga pia. Katika mpango huo, ulioendeshwa katika nchi kadhaa, wafanyakazi wa DHL huwafundisha vijana wanaokaribia kujitegemea jinsi ya kuandika barua ya kazi na kukabili usaili, na huwapokea kwa mafunzo kazini. Hakuna anayepakata mtoto mchanga, na uhusiano hauishii siku moja.

Butihinda kazi za aina hiyo ni tele. Kubwa kwangu ni cheti cha kuzaliwa. Sheria inampa mzazi siku 15 za kuandikisha mtoto. Zikipita, safari ya karatasi inakuwa ndefu, na mtoto aliyezaliwa kambini Tanzania anakuja na nyaraka za nchi nyingine. Bila cheti, matibabu ya bure kwa walio chini ya miaka mitano, yaliyoanza 2006, yanaweza kugeuka mzozo dirishani, na shule nayo inakidai. Makarani wa benki wanajua kujaza fomu, kupanga majalada na kusaka jina lililoandikwa vibaya. Wakiambatana na kamati ya ulinzi wa mtoto ya kilima (yaani kitongoji), siku mbili kila robo mwaka, wataacha alama kubwa kuliko lori la biskuti.

Mhasibu naye akaketi na vikundi vya kuweka na kukopa kama vile vya Nawe Nuze, ambavyo UNICEF ilivikuza nchini, awaoneshe akina mama namna ya kutunza daftari lisilozua ugomvi siku ya mgao. Kikundi chenye hesabu safi kinamkopesha bibi pesa za mbegu, na mjukuu wake hatumwi mgodini. Anayetaka kutumia mikono yake ashike jembe kwenye ibikorwa rusangi, yaani kazi za pamoja za Jumamosi, akiwa na wenyeji.

Masharti machache hayana mjadala. Kampuni isaini makubaliano ya miaka mitatu au zaidi na chama cha wenyeji, na ilipe pia mshahara wa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, gharama ambayo wafadhili huikwepa. Anayejitolea achunguzwe kabla, asiachwe peke yake na mtoto, na uso wa mtoto usionekane kwenye tangazo. Kama msaada tayari unakwenda kituoni, usikatwe ghafla. Uelekezwe hatua kwa hatua kwenye kuwarudisha watoto nyumbani.

Ukiwa meneja Bujumbura, mbali na huko, kabla ya kuagiza fulana piga simu kwa kamati ya kilima uulize ni familia zipi ziko karibu kumtoa mtoto nyumbani, na kwa sababu gani. Bajeti yako ianzie kwenye jibu hilo.