Malezi ya Lugha ya Mtoto Mdogo: Mambo ya Msingi katika Mafunzo ya Walezi wa Kikula

Mlezi wa shule ya materneli katika komuni ya Kikula, mjini Likasi, huwapokea watoto wa miaka 3 hadi 5. Watoto hao huingia darasani wakiwa wamekwisha kupata lugha nyumbani, nayo kwa wengi ni Kiswahili cha Katanga. Hali hiyo ina historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilianza kuwahimiza wafanyakazi wake waishi kambini pamoja na wake zao. Wazazi wenye lugha mbalimbali, kama vile Kisanga, Kiluba na Kibemba, wakalea watoto ambao wengi wao walikifanya Kiswahili lugha yao ya kwanza.

Jambo la kwanza ambalo mlezi hana budi kufunzwa ni kupambanua kosa na lisilo kosa. Mtoto asemaye "bintu" mahali pa "vitu", au "batoto" mahali pa "watoto", hajakosea, bali amefuata sarufi ya mama yake. Mdogo wake wa miaka 2 asemaye "baba toka", akikusudia "baba anatoka", ameacha viambishi vya nafsi na njeo. Kamil Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu watoto wa Nairobi, alionyesha kwamba kudondosha viambishi vya namna hiyo ni hatua ya kawaida ya ukuaji.

Hakuna kati ya hayo mawili linalostahili karipio. La kwanza huachwa lilivyo, la pili hujibiwa kwa kupanuliwa: "Ee, baba anatoka, anaenda ku kazi." Kwa jibu hilo mtoto husikia umbo kamili bila kuaibishwa, na mazungumzo yanaendelea. Mlezi humpa pia muda wa kutafuta maneno, na humwuliza maswali yasiyotosheka kwa "ndiyo" au "hapana".

Mlezi asiyefunzwa hukemea "bintu" na kudai "vitu" au neno la Kifaransa, mtoto hunyamaza. Ukimya huo una hatari yake, kwa kuwa huficha matatizo ya kweli. Mtoto aliyetimiza miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili katika lugha yoyote asikiayo nyumbani, au asiyegeuka aitwapo, apelekwe kwa mganga akapimwe masikio, wala asiitwe mkaidi.

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaziruhusu lugha za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, zitumike katika kufundishia. Hata hivyo, sheria haimjibu mtoto darasani. Anayemjibu ni mlezi. Kiswahili sanifu na Kifaransa vitafuata kwa wakati wake, vikijengwa juu ya lugha ambayo mtoto amekwisha kuithubutu kuisema.