Mkono wa Upinde: Uwe Mpana au Mwembamba?

Kijana wa Segese, Kahama, anayetaka kujichongea upinde kwanza huuliza mti gani unafaa. Hiyo ni nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni umbo la mikono, yaani zile sehemu mbili zinazopinda, moja juu ya kishikio na nyingine chini yake. Mti wa kawaida ukipewa umbo unalolimudu utadumu miaka. Mti mzuri ukilazimishwa umbo usiloliweza utakatika siku ya kwanza.

Upinde si mgeni Usukumani na Unyamwezini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vikundi vya ulinzi vya Sungusungu vilipozuka katika vijiji vya Kahama na Nzega kupambana na wezi wa ng'ombe, wanaume walishika pinde na mishale. Pinde nyingi za jadi za Afrika Mashariki ni fito za mviringo, nene katikati, zinazokonda kuelekea ncha. Wahadzabe wa kuzunguka Ziwa Eyasi huchonga zao hivyo, aghalabu kwa miti ya jamii ya mkole, na upote wa pinde hizo huwa ni kano za wanyama. Umbo hilo linawezekana kwa sababu mti wenyewe ni mgumu na unanyumbulika.

Upinde ukivutwa, upande wa mgongo, unaotazama shabaha, hutanuka. Upande wa tumbo, unaomwelekea mpigaji, hubanwa. Wachimbaji wa dhahabu wanajua jinsi matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta, yanavyobanwa ndani ya duara, yaani shimo la mgodi. Mkono wa upinde hubanwa vivyo hivyo upande mmoja, huku upande wa pili ukivutwa. Kadiri mkono unavyokuwa mnene, ndivyo nyuzi za nje zinavyoteseka zaidi kwa mpindo uleule.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Ukiongeza upana mara mbili, ugumu wa mkono huongezeka mara mbili. Ukiongeza unene mara mbili, huongezeka mara nane. Chukua mkono wenye upana wa sentimita 5 na unene wa milimita 14. Ukipunguza upana hadi sentimita 2.5 na kutaka nguvu ileile, unene utafika karibu milimita 18. Mkono huo mwembamba utakuwa mwepesi zaidi, kwa hiyo utarudi haraka na kurusha mshale kwa kasi, lakini nyuzi zake za nje zitabeba mzigo uliozidi kwa takriban robo. Wepesi unalipiwa kwa usalama.

Watu wa kale walilijua hilo kwa mikono yao. Huko Holmegaard, Denmark, zilipatikana pinde za mti wa elm zenye umri wa miaka 9,000 hivi, zikiwa na mikono mipana na bapa. Waingereza, waliokuwa na mti wa yew unaostahimili sana kubanwa, walichonga pinde ndefu nyembamba zenye tumbo la mviringo. Nyingi zilipatikana katika Mary Rose, meli iliyozama mwaka 1545.

Utajuaje mti wako uko upande gani? Kata kipande kutoka gogo lilelile, kiache kikauke vizuri kivulini, kichonge kiwe kijiti bapa, kisha ukipinde polepole. Kikichanika mgongoni, mti hauwezi kuvutwa. Kikibaki kimepinda, na tumboni kukaonekana vimikunjo vyembamba vilivyokatiza nyuzi, mti hauwezi kubanwa. Katika hali zote mbili chagua mkono mpana na bapa, na uurefushe upinde. Kisipoonyesha dalili hizo upesi, unaweza kuthubutu wembamba.

Kama una ufito tu, usiuguse mgongo: ondoa gome, uliache tabaka la mti lililo chini yake likiwa zima, na uchonge tumboni peke yake. Tumbo liwe bapa ili mbano usambae. Kama una ubao, tafuta wenye nyuzi zinazokwenda moja kwa moja toka ncha hadi ncha. Kwa ubao, umbo rahisi ni la pembetatu ndefu: unene karibu sawa kote, upana ukipungua kutoka kishikioni hadi nchani, nao utapinda kwa usawa. Umbo lolote utakalochagua, theluthi ya mwisho ya mkono iwe nyembamba kiasi mti unavyoruhusu, maana uzito wa nchani ndio unaopunguza zaidi kasi ya mshale kuliko uzito wa kwingine.

Upinde ukikamilika, upigie shabaha ya gunia la pumba. Nchini Tanzania, kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Na ukishindwa kuamua, anza na mpana. Upana wa ziada utaupunguza kwa randa wakati wowote, ulioukata haurudi.