Wakisema "Tuambie Kukuhusu" Hawataki Historia ya Maisha: Vile Unafaa Kujibu Maswali ya Intaviu

Kuitwa intaviu Nairobi siku hizi ni kama kupata kiti cha mbele kwa mat saa kumi na mbili asubuhi. Umetuma CV hadi bando ikaisha, umekopa nauli kwa beshte, shati umepigia pasi kwa jirani juu tokeni zako zilikatika jana. Halafu unaketi mbele ya watu watatu, wanauliza swali la kwanza, na mdomo unakauka.

Manze, wengi wetu hatukosi wera juu hatuiwezi. Tunaikosa juu tunajibu kitu chenye hatukuulizwa. Karibu kila swali la intaviu liko na lingine limejificha nyuma yake, na hilo la nyuma ndilo linabeba maksi. Wacha tuyapitie moja moja.

"Tuambie kidogo kukuhusu"

Hawataki kujua mko wangapi kwenu ama unashabikia Arsenal. Wanataka kujua kama kuna sababu ya kuendelea kukusikiza. Tumia dakika moja hivi, vitu vitatu tu: saa hii unafanya nini, umewahi kufanya nini chenye kinafanana na hii kazi, na mbona umekuja kwao. Mfano: "Kwa miaka miwili nimesimamia duka la M-Pesa huko Umoja. Nimezoea kuhesabu pesa za watu na kutuliza kastama amekasirika. Niliona mnatafuta keshia, na hiyo ni kazi nafanya kila siku." Ukifika hapo, nyamaza. Wakitaka zaidi watauliza.

"Uko na uzoefu gani?"

Hapa ndio msee wa kutoka shule anasema "sina" na kuinamisha kichwa. Kuuza mitumba Gikomba ni uzoefu. Kuweka pesa za chama ni uzoefu. Kazi ni kujua kusimulia: ilikuwaje, ukafanya nini, ikaishaje.

Maneno kama "mimi ni mchapakazi, naelewana na watu" yamesemwa na kila mtu mwenye uko naye kwa hiyo laini. Wewe sema hivi: "Chama chetu kilikuwa na watu kumi na wawili, na wanne walikuwa wanachelewesha pesa kila mwezi. Nilianza kutuma ukumbusho kila Alhamisi na kuweka malipo yote kwa grupu, kila mtu aone. Baada ya miezi mitatu alibaki mmoja tu." Namba ndogo ya ukweli inashinda sifa kubwa. Lakini usitunge. Swali linalofuata huwa "ulifanyaje?", na hapo uongo hukosa miguu.

"Udhaifu wako ni gani?"

Ukisema "mimi hufanya kazi kupita kiasi" watatabasamu tu na kuandika sifuri. Hapa wanapima kama unajijua na kama unajirekebisha. Chagua kitu cha kweli, lakini kisiwe ndio roho ya hiyo kazi. Anayetaka kuwa keshia asiseme hesabu humsumbua. Kisha wape dawa yake: "Nilikuwa naogopa kubonga mbele ya watu wengi, kwa hivyo nikajitolea kusoma matangazo kanisani kila mwezi. Sasa uoga umepungua."

"Mbona hukumaliza chuo? Na hii miaka hapa katikati?"

Hili nalijua sana, juu mimi pia sikumaliza chuo na huwa naulizwa. Paneli haiko hapo kukuhukumu. Inaogopa kwamba hata hii kazi utaiachia njiani. Jibu kwa sentensi mbili: ukweli, halafu chenye kilifuata. "Karo ilikwama nikiwa mwaka wa pili. Tangu hapo nimefanya kazi duka moja bila kukosa, na jioni najisomea kompyuta." Usimlaumu mzazi, usimtukane bosi wa zamani.

Na mtu akikuambia uchapishe cheti feki tao, kataa. Kutumia cheti cha kughushi ni kosa la jinai, na EACC imekuwa ikifikisha watu kortini na kuwadai mishahara yote walilipwa na serikali wakitumia karatasi hizo.

"Unataka tukulipe pesa ngapi?"

"Chochote mko nacho" inaonyesha hujapiga hesabu. Kabla uende, uliza wasee wawili watatu wenye wako kwa kazi kama hiyo wanapewa ngapi, ndio utaje kiwango, kutoka hapa hadi pale. Kumbuka pia makato. Kwa viwango vya 2025, ukiandikwa kwa 30,000, NSSF inachukua 1,800, bima ya afya ya SHA 825, ushuru wa nyumba 450, na KRA kama 730. Yenye inafika mkononi ni kama 26,200. Toa kodi ya keja na nauli ya mwezi, halafu uone kama hiyo namba itakubeba ama itakuzika.

Maswali yenye hayafai kuulizwa

"Uko na mpango wa kuzaa hivi karibuni?" "Wewe ni kabila gani?" Dada zetu hasa huyapata sana. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza mwajiri kubagua hata mtu mwenye bado anatafuta kazi, iwe ni kwa jinsia, ujauzito, kabila, dini, ulemavu ama hali yake ya HIV. Si lazima uanze vita. Jibu wasiwasi wao na uache maisha yako nje: "Naelewa kazi hii inahitaji mtu wa kufika kila siku. Nitafika." Lakini mtu akikuitisha pesa, ama mwili, ndio akupitishe, hiyo si intaviu tena. Beba mfuko wako utoke.

"Uko na swali lolote?"

Usiseme "hapana". Uliza: "Mtu mwenye mtampea hii kazi, baada ya miezi mitatu mtajuaje anafanya vizuri?" Swali kama hilo linawafanya wakuone tayari uko kwa hiyo meza. Pia uliza watakujulisha lini, ndio usikae wiki tatu ukiangalia simu.

Leo usiku, andika stori tano fupi za vitu ulifanya, kila moja na mwisho wake. Zisome kwa sauti, jirekodi kwa simu, ama umkalishe beshte akuulize kama bosi. Ukijisikia unababaika, heri ubabaike kwa keja kuliko mbele yao. Juu ile nauli ulikopa, utailipa upate kazi ama uikose.