Kabla Taa za Dagaa Hazijawashwa

Kwenye mialo ya Bwai, katika kata ya Kiriba wilayani Musoma, kazi huanza watu wengine wanapofunga yao. Jua likikaribia kuzama, wavuvi wa dagaa hupakia nyavu na taa, husukuma mitumbwi majini na kuelekea kilindini. Usiku unaopendwa ni wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka dagaa hawazijali taa. Kwa bahati mbaya, usiku ndio wakati ambao Ziwa Victoria hupika dhoruba zake kali kuliko zote.

Ziwa lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 hujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu yake hupaa, na ya ziwani huvutwa kwenda kuijaza nafasi hiyo, hivyo mawingu ya alasiri hujikusanya juu ya vilima vya Mara na nyanda za juu za Kenya. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa, maji hubaki na joto, na upepo kutoka nchi kavu pande zote hukutana juu ya ziwa. Hewa hiyo iliyojaa mvuke haina pa kwenda ila juu. Hapo ndipo ngurumo zinapozaliwa.

Kinachomuua mvuvi mara nyingi hutangulia mvua. Matone yanapoanguka kutoka kwenye wingu, sehemu yake hugeuka mvuke na kuipoza hewa. Hewa iliyopoa huwa nzito, huporomoka hadi usoni mwa maji, kisha hutawanyika pande zote kwa kasi. Mtumbwi ulio kilomita kadhaa kutoka kwenye wingu unaweza kupigwa na upepo huo hata kabla ya tone la kwanza kuugusa.

Je, mtabiri anaweza kuliona hilo jioni, wavuvi wakiwa bado mchangani? Mwaka 2016 na 2017, watafiti wakiongozwa na Wim Thiery wa Ubelgiji walichapisha kazi iliyotumia picha za setilaiti zinazoonyesha vilele vya mawingu ya dhoruba. Waligundua kwamba alasiri yenye ngurumo nyingi nchi kavu kuzunguka ziwa mara nyingi hufuatwa na usiku wa hatari ziwani. Faida yake ni kubwa mno: dalili ya saa nane za usiku inaonekana tangu saa kumi za jioni. Watafiti hao walikadiria pia kwamba dunia ikiendelea kupata joto bila breki, dhoruba ambayo leo hutokea mara moja katika miaka 15 itakuwa karibu ya kila mwaka mwishoni mwa karne hii.

Kwa Tanzania, uamuzi wa kutoa onyo uko mikononi mwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Sheria Na. 2 ya mwaka 2019 inaipa yenyewe tu madaraka ya kutoa tahadhari za hali mbaya ya hewa, ili wananchi wasipokee maonyo yanayopingana. Mtabiri wa zamu huwa na matokeo ya kompyuta, vipimo vya vituo kama cha Musoma, picha za setilaiti ya Meteosat zinazoingia kila baada ya dakika chache, na rada ya Mwanza.

Rada hiyo ni msaada mkubwa, ila ina mpaka wake. Mawimbi yake husafiri karibu kwa mstari ulionyooka wakati uso wa dunia unapinda. Kutoka Mwanza hadi Musoma ni kilomita 150 hivi, na kwa umbali huo hata mwale wake wa chini hupita zaidi ya kilomita mbili juu ya maji. Mvua iliyo juu ndani ya wingu inaonekana vizuri. Upepo unaokimbia usoni mwa ziwa hupita chini ya jicho la rada. Mtabiri analazimika kuukisia kutokana na umbo na mwendo wa wingu.

Baada ya hapo hujibu maswali mawili: hali hii ina uwezekano gani wa kutokea, na ikitokea itadhuru kiasi gani? Majibu hayo mawili yakiunganishwa ndiyo huzaa daraja tunalolisikia redioni: angalizo, tahadhari, au tahadhari kubwa. Kwa hiyo hata jambo lenye uwezekano mdogo linaweza kupewa uzito likiwa na madhara makubwa. Mvua kubwa, kwa kipimo cha TMA, ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24; lakini kwenye mteremko wa Butiama haileti shida ileile inayoleta kwenye tambarare za Bunda zilizo kando ya ziwa.

Uamuzi huu umekuwa mgumu tangu mwanzo. Robert FitzRoy alianzisha maonyo ya dhoruba Uingereza mwaka 1861, kwa ishara zilizopandishwa milingotini bandarini, baada ya meli Royal Charter kuzama mwaka 1859. Wanasayansi wakayalaumu kwamba hayana msingi wa kutosha, na mwaka 1866, FitzRoy akiwa ameshafariki, yakasimamishwa. Mwaka uliofuata yalirudishwa, maana watu wa baharini waliyataka. Walielewa hesabu ambayo kila mvuvi anaielewa: onyo lisilotimia humgharimu mapato ya usiku mmoja, onyo lisilotolewa humgharimu uhai.

Pwani yetu ya baharini hupata muda zaidi wa kujiandaa. Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia Mei 2024, kilifuatiliwa kwa siku kadhaa kikiwa bado baharini, na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasitisha safari mapema. Dhoruba ya ziwani huzaliwa na kufa ndani ya saa chache. Ndiyo maana mradi wa HIGHWAY, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuanzia 2017 hadi 2021, uliziunganisha Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda katika kutoa utabiri wa ziwa mara mbili kwa siku, ukitaja upepo na mawimbi kwa kila ukanda. Tathmini yake ilikadiria kwamba vifo ziwani vinavyotokana na hali ya hewa vilipungua kwa karibu asilimia 30.

Utabiri huo hauna thamani ukibaki kwenye simu ya ofisa aliyeko mjini. Viongozi wa vikundi vya usimamizi wa mialo (BMU), wenyeviti wa vijiji na redio za hapa, Victoria FM ya Musoma na Mazingira FM ya Bunda, ndio wanaoweza kuufikisha Bwai, Rukuba na Kisorya kabla mitumbwi haijatoka. Kila mwalo uwe na mtu mmoja aliyepewa kazi ya kuusoma utabiri wa jioni kwa sauti mbele ya wavuvi. Na mwenye mtumbwi, ukisikia tahadhari ya upepo ziwani, usimkate posho kijana aliyechagua kulala nyumbani usiku huo.