Usione Makala Yaelea, Yameundwa

Je, wajua makala hupitia wapi kabla ya kuchapishwa? Lipo jarida la Swahili Forum, lililoanzia Köln, Ujerumani, mwaka 1994. Lipo pia Kiswahili, la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika majarida mengi ya kitaaluma, mhariri huficha jina la mwandishi, kisha huwapa makala wataalamu wawili hivi. Nao majina yao hayatajwi. Husema: ichapishwe, irekebishwe, au ikataliwe, na kwa nini. Mhariri ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Mbona jina lifichwe? Mwaka jana niliandika insha juu ya mafuriko ya mto Tana. Mwenzangu aliyekuwa akichagua insha aliona jina langu, akacheka: "Si huyu ndiye wa 'kitabu yangu'?" Basi, hata ukurasa wa pili hakufungua. Kweli ngeli zilinisumbua, lakini maji yaliingia kwetu, si kwake!

Kukosolewa sikatai, mchelea mwana kulia hulia yeye. Ombi langu kwa chama chetu: insha zipewe nambari, majina yakae kwa mwalimu mlezi. Isomwe kazi kwanza, mtu ajulikane baadaye.