Rangi na Namba Hazitoshi: Kihispania kwa Watoto wa Shule za Msingi

Mwombe mtoto wa darasa la tatu katika shule ya kawaida ya Marekani akuonyeshe Kihispania alichofundishwa tangu chekechea. Atakuhesabia kuanzia uno mpaka veinte bila kusita. Atakutajia rangi zote za penseli zake, siku za wiki atakuimbia, na pengine ataongeza majina ya wanyama wa shambani. Sasa mwambie aeleze, kwa lugha hiyo hiyo, kwamba ana kiu na anataka kwenda kunywa maji. Wengi hukwama hapo. Majina ya vitu wanayo tele, ila vitenzi vya kuyabeba hawana.

Chanzo cha kwanza ni ratiba. Katika shule nyingi Kihispania ni kipindi cha pembeni: mwalimu mmoja anahudumia shule nzima, anasukuma kitoroli cha picha na vitabu kutoka darasa hadi darasa, na kila kundi linampata kwa nusu saa, mara moja kwa wiki. Mwaka wa shule kule una siku 180 hivi, yaani wiki 36. Nusu saa kwa wiki ni saa 18 kwa mwaka, na kuanzia darasa la kwanza hadi la tano zinatimia saa 90, ikiwa hakuna kipindi kilichopotea kwa sababu ya theluji, mtihani au sikukuu. Kwa kulinganisha, chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kinachofundisha wanadiplomasia lugha kwa miaka mingi kilikadiria kwamba mtu mzima anayezungumza Kiingereza anahitaji saa kati ya 600 na 750 za darasani ili aweze kufanya kazi kwa Kihispania. (Kiswahili kiliwekewa takriban saa 900, kwa anayetaka kujivuna.) Mtoto hatarajiwi kuwa balozi, lakini saa 90 zilizotawanywa katika miaka mitano haziwezi kuzaa mzungumzaji, hata mwalimu awe hodari namna gani.

Wamarekani walikwisha kulionja hilo. Wasovieti waliporusha Sputnik mwezi Oktoba 1957, Washington iliingiwa na hofu, na mwaka uliofuata ikapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, iliyomwaga fedha kwenye sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Shule za msingi zikakimbilia Kihispania na Kifaransa. Walimu wenye lugha hawakutosha, vipindi vilikuwa vifupi, na mtoto akifika sekondari alianzishwa upya kwa uno, dos, tres kana kwamba hajawahi kusoma. Fedha zilipopungua, programu nyingi zilikufa.

Wakati huo huo mjini Miami lilikuwa likifanyika jambo jingine. Wakuba waliokimbia nchi yao baada ya mapinduzi ya 1959 walikuwa wamejaa mitaani, na mwaka 1963 shule ya Coral Way, kwa msaada wa fedha za Ford Foundation, ilianza kufundisha nusu ya siku kwa Kiingereza na nusu kwa Kihispania. Watoto wa Kikuba na watoto wa Kimarekani walisoma shule moja, na baadhi ya walimu walikuwa Wakuba hao hao. Kihispania kilitoka kwenye orodha ya masomo kikawa lugha ya kusomea masomo. Mwaka 1971 mji wa Culver City, California, ulikwenda mbali zaidi: watoto wanaozungumza Kiingereza waliingizwa katika darasa la Kihispania moja kwa moja, kwa kufuata mfano wa Kifaransa uliokuwa umejaribiwa karibu na Montreal, Kanada.

Leo jimbo linalotajwa mara nyingi ni Utah, ambalo bunge lake lilipitisha mwaka 2008 sheria ya kufadhili madarasa ya lugha mbili, Kihispania kikiwa kimojawapo cha lugha zake. Walimu wawili wanashirikiana kufundisha makundi mawili ya watoto: mmoja anafundisha kwa Kiingereza, mwingine kwa Kihispania, na katikati ya siku wanabadilishana. Katika madarasa ya chini hata hisabati hufundishwa kwa Kihispania. Saa tatu kwa siku mara 180 ni saa 540 kwa mwaka mmoja. Ziweke kando ya zile 18.

Hapa wazazi wengi hujibu kwamba mtoto mdogo ni sifongo, hata nusu saa ataifyonza. Lakini huko Barcelona, mtafiti Carmen Muñoz na wenzake waliwalinganisha wanafunzi walioanza Kiingereza shuleni wakiwa na miaka 8 na walioanza wakiwa na miaka 11. Baada ya idadi ile ile ya saa, walioanza wakubwa walikuwa mbele. Mtoto mkubwa anaweza kulinganisha, kukariri kwa makusudi na kuelewa kanuni anapoelezwa. Mdogo hujifunza kwa kuzamishwa, na kikombe hakizamishi mtu. Umri mdogo una faida yake, hasa katika matamshi na katika kutoona haya, lakini faida hiyo huhitaji lugha nyingi ili ijitokeze.

Basi mwalimu mwenye nusu saa yake na kitoroli chake afanyeje? Kwanza apunguze rangi. Simaanishi azifute, namaanisha asizifanye somo. Walimu wengi wa watoto siku hizi huanzia kwenye vitenzi vichache vinavyotumika kila mara: hay (kuna), es na está (ni, yupo), tiene (ana), quiere (anataka), va (anaenda), le gusta (inampendeza). Kwa vitenzi hivyo na nomino chache hadithi inapatikana. Hay un perro. El perro tiene hambre. Quiere pizza. Va a la cocina. No hay pizza. Kuna mbwa, ana njaa, anataka piza, anaenda jikoni, hakuna piza. Mtoto wa miaka sita tayari anataka kujua mbwa huyo atakula nini, na rangi itaingia yenyewe pale atakapoambiwa kwamba mbwa ni wa buluu.

Hata nyimbo zichaguliwe kwa jicho hilo. Wimbo wa vifaranga, Los pollitos, unaojulikana karibu kila nyumba ya Amerika ya Kilatini, unawaimba vifaranga wenye njaa na baridi, na kwa hiyo unamwachia mtoto kitenzi tener (kuwa na) kichwani. Wimbo wa kutaja rangi tu unamwachia rangi.

Kabla ya hadithi huja mwili. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia James Asher wa San José, California, alitengeneza njia ambayo mwalimu anaamuru na mwanafunzi anatenda: levántate, simama, siéntate, kaa, salta, ruka, toca la nariz, gusa pua. Mtoto halazimiki kusema neno. Mwalimu huona papo hapo nani ameelewa, kwa sababu asiyeelewa anagusa sikio. Kwa watoto wa darasa la kwanza, ambao kukaa kitako dakika kumi ni adhabu, sijui njia nyingine inayoshindana na hii katika wiki za mwanzo. Udhaifu wake ni kwamba inachosha: huwezi kuamuru watu waruke mwaka mzima, na maisha hayaendeshwi kwa amri tu.

Blaine Ray, mwalimu wa Kihispania wa Bakersfield, California, alianzia kwa Asher na kuongeza hadithi. Ufundi wake mkubwa uko katika maswali. Mwalimu akishasema mbwa ana njaa, anauliza: mbwa ana njaa? Sí. Paka ana njaa? No. Nani ana njaa, mbwa au paka? El perro. Mbwa ana njaa au ana kiu? Hambre. Watoto wamejibu neno moja au mawili tu, ila masikio yao yamepokea tiene mara nyingi ndani ya dakika mbili, na hakuna aliyechoka, maana kila mmoja anatafuta nafasi ya kupendekeza mbwa huyo ale kiatu cha mwalimu.

Nyuma ya njia hizi kuna hoja ya Stephen Krashen, aliyeshikilia tangu mwanzo wa miaka ya 1980 kwamba lugha huingia kwa kusikia na kusoma kinachoeleweka, na kwamba mtu asiharakishwe kusema. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, ila si yote. Watoto wadogo hupenda kusema, na hujisikia wakubwa wanapopewa sentensi nzima ya kutumia. Siku ya kwanza wapewe ¿Puedo ir al baño? ili waombe ruhusa ya kwenda msalani, No entiendo, sielewi, na Otra vez, por favor, rudia tafadhali. Sarufi iliyomo wataijua miaka ijayo.

ACTFL, chama cha walimu wa lugha za kigeni cha Marekani, hushauri angalau asilimia 90 ya kipindi iwe kwa lugha inayofundishwa. Ushauri mzuri, lakini wapo walioupokea vibaya, wakamimina Kihispania cha haraka mbele ya watoto waliokodoa macho. Kisichoeleweka ni kelele. Asilimia 90 hufanya kazi pale mwalimu anapochora ubaoni, anapoigiza, anaposema polepole na kusimama kuhakikisha. Watoto wawili wakianza kupigana nyuma ya darasa, awatulize kwa Kiingereza na kuendelea, hakuna atakayekufa.

Makosa nayo yana wakati wake. Mtoto akisema la mesa rojo badala ya roja, mwalimu ajibu tu kwa usahihi, ¿La mesa roja? Muy bien, na somo liendelee. Ndivyo afanyavyo mama yeyote wa Kiswahili ambaye mwanawe wa miaka mitatu amesema “kiti imevunjika”: ee, kimevunjika, nani amekivunja? Upatanisho wa kivumishi na jinsia ya nomino ni miongoni mwa mambo yanayochelewa kukomaa kwa mwanafunzi mwenye Kiingereza. Kuupigia mstari mwekundu katika darasa la pili ni kumfundisha mtoto kunyamaza.

Kusoma kusubiri kidogo. Tahajia ya Kihispania ni karibu na yetu kwa uwazi: ukishajua herufi zinavyotamkwa, unasoma. Tatizo ni kwamba mtoto wa darasa la kwanza au la pili ndiyo kwanza amejifunza kusoma Kiingereza, na ukimpa neno lililoandikwa kabla sikio halijalizoea atalisoma kama la Kiingereza. H ya hola, isiyotamkwa, itatamkwa. No itavutwa ikawa “nou”. Neno likishakaa sikioni, maandishi hayaliharibu.

Hapo ndipo mtoto mwenye Kiswahili anapokuwa na mtaji asioujua. Kwa miaka mingi hadi 2024 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokewa Marekani, na nyingi ya familia hizo huzungumza Kiswahili. Watoto wao hukuta Kihispania shuleni wakati bado wanahangaika na Kiingereza, na wazazi huona ni mzigo juu ya mzigo. Lakini irabu tano za Kihispania ni a, e, i, o, u zile zile za kwao. Herufi ñ ni ny ya nyanya, na j iko karibu na kh ya kheri kama inavyotamkwa pwani. Anayesema “nina miaka minane” hashangazwi na tengo ocho años, wala aliyezoea “nina njaa” hahitaji somo maalumu la tengo hambre, ilhali mwenzake wa Kiingereza hutafuta kitenzi cha “kuwa” na kukosea kila siku. Na aliyekulia katika kitabu kipya na vitabu vipya hashangai kivumishi kinapobadilika kufuata nomino. Kazi anayo kwenye r: pero ni lakini, perro yenye r ya kukaza ni mbwa, na pelo ni nywele. Wenye lugha za mama zinazochanganya r na l wafanye mazoezi hapo.

Mwalimu naye aangalie ramani anayobandika ukutani. Mara nyingi Kihispania huishia kwenye kofia pana ya Mexico. Watoto waonyeshwe pia mji wa Malabo, maana nchi yake, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru mwaka 1968, ni nchi ya Kiafrika ambayo Kihispania ni mojawapo ya lugha zake rasmi. Wala wasifichwe tofauti: mwalimu kutoka Hispania ataita juisi zumo, na rafiki wa Kimexico ataiita jugo. Watoto huzipokea tofauti hizi bila taabu. Wanaobishana ni wakubwa.

Kwa mzazi wa Kiswahili aliyeko Marekani, shule ikikuambia “tunafundisha Kihispania”, uliza ni saa ngapi kwa wiki, na baada ya darasa la tano mtoto ataendelea wapi. Ukiona darasa la lugha mbili liko karibu nawe, usikiache Kiswahili nyumbani kwa kudhani lugha tatu zitamchanganya mtoto, hazitamchanganya. Ila wahi. Programu nyingi za namna hii hupokea wasio na Kihispania chekechea au darasa la kwanza tu, nafasi zikizidiwa na waombaji hupigwa kura, na fomu hutolewa miezi kadhaa kabla ya mwaka wa shule kuanza.