Narlikar, Msomi wa Ulimwengu Aliyependa Kuulizwa

Watoto wa shule nchini India walipomzonga Jayant Narlikar wakitaka saini yake, aliwapa sharti: andika swali la sayansi kwenye postikadi, ulitume, jibu litakuja pamoja na saini.

Narlikar alizaliwa Kolhapur mwaka 1938, akakulia Varanasi, ambako baba yake alifundisha hisabati chuo kikuu. Cambridge, mwaka 1959, alishika nafasi ya kwanza katika mtihani wa shahada ya hisabati. Fred Hoyle akawa msimamizi wake, na mwaka 1964 wawili hao wakatangaza nadharia mpya ya mvutano. Walishikilia kwamba ulimwengu hauna mwanzo: unatanuka, na maada mpya huzaliwa kuziba nafasi.

Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba mnururisho hafifu umegunduliwa, umetapakaa anga nzima. Wanasayansi wengi waliuona kuwa ni mabaki ya mlipuko mkuu ulioanzisha ulimwengu, nao ushahidi wa leo umewaelemea Hoyle na Narlikar. Narlikar hakuhama. Hata hivyo, msimamo huo ulikuwa na faida yake, kwani uliwalazimisha wenzake kuthibitisha mambo ambayo wangeyachukulia tu kuwa kweli.

Mwaka 1972 alirudi nyumbani, Mumbai, na hapo ndipo mwandishi aliyekuwa ndani yake alipojitokeza. Aliingia shindano la hadithi za kisayansi za Kimarathi kwa kisa cha shimo jeusi. Jina alilotumia ni la kubuni, Narayan Vinayak Jagtap, herufi zake za kwanza akizipindua. Mkewe Mangala, naye mwanahisabati, aliinakili hadithi ili mwandiko usimfichue. Ikashinda. Miongo minne baadaye, tawasifu yake ya Kimarathi ilimpatia tuzo ya fasihi ya Sahitya Akademi.

Kituo cha astronomia cha IUCAA alichokiasisi Pune mwaka 1988 kiliwafungulia milango wahadhiri wa vyuo vyote vya India. Watoto nao walipangiwa mihadhara yao, Jumamosi ya pili ya mwezi.

Jambo lililomkera ni unajimu. Mwaka 2001 serikali iliporuhusu ufundishwe vyuo vikuu, alipinga hadharani, kisha akaupima. Yeye na wenzake walikusanya chati za kuzaliwa za watoto 200, nusu wakiwa wanafunzi hodari na nusu wenye ulemavu wa akili. Wanajimu 27 wakapewa chati 40 kila mmoja, wawatenganishe. Walipatia asilimia 46, pungufu ya kurusha sarafu.

Alifariki Pune Mei 2025, akiwa na miaka 86.